Kiungo kijana acheze namba 6, 8 au 10? Namna ya kumpima na kumkuza

Pita kwenye viwanja vya timu za vijana, iwe Temeke, Mwanza au Kisumu, utakuta viungo wamepangwa kwa kanuni ileile. Mtoto mwenye chenga kapewa namba 10, kiungo wa mbele. Mrefu mwenye kifua kawekwa namba 6, mbele ya mabeki, ili akabe. Aliyebaki, mwenye pumzi, anakuwa namba 8, kiungo wa kupanda na kushuka. Mpangilio huo unaweza kuleta ushindi Jumamosi, ila unawakwamisha wote watatu. Wa chenga hajifunzi kukaba. Mrefu anategemea mwili, na akifika miaka 17 wenzake wamemfikia kimo, hana tena cha kuwazidi. Mwenye pumzi anazunguka uwanja mzima bila mtu kumwonyesha asimame wapi.

Namba ya kiungo inajionyesha katika mambo mawili: anachofanya kabla mpira haujamfika, na anachofanya ndani ya sekunde tano baada ya timu yake kuupoteza. Hayo unaweza kuyapima kwa karatasi na kalamu, kwenye uwanja wa vumbi, bila kifaa chochote cha bei.

Usiifunge namba mapema

Chini ya miaka 13 mzungushe. Katika kila mechi nne, mbili acheze katikati, moja beki, moja winga. Beki wa kati anauona uwanja wote mbele yake, hivyo anajifunza mchezo unavyojengwa. Winga ana mstari wa pembeni unaomlinda upande mmoja, kwa hiyo anajifunza kumkabili mtu mmoja kwa mmoja. Kiungo anazingirwa pande zote. Aliyepitia sehemu zote mbili anarudi katikati akijua beki wake anataka apewe msaada wapi na winga wake anataka mpira saa ngapi.

Sababu nyingine ni mwili. Wavulana wengi hukua kwa kasi zaidi wakiwa na miaka 13 hadi 14, wasichana 11 hadi 12, lakini tofauti kati ya mtoto na mtoto ni kubwa: wawili wenye miaka 13 wanaweza kusimama pamoja, mmoja akiwa na mwili wa miaka 11 na mwingine wa miaka 15. Ukimpa namba kwa kuangalia mwili wa leo, umempa namba ya muda. N'Golo Kanté ni mfupi, na ndiye aliyekaba katikati Leicester City ilipotwaa ubingwa wa Uingereza 2016, akautwaa tena na Chelsea 2017, kisha Kombe la Dunia na Ufaransa 2018. Victor Wanyama alifanya kazi hiyohiyo Celtic, Southampton na Tottenham akiwa na umbo kubwa kuliko Kanté. Walichofanana ni kujua hatari inatokea wapi kabla haijatokea.

Hata utu uzimani namba hubadilika. Andrea Pirlo alikua kama namba 10. Mapema 2001, akiwa kwa mkopo Brescia, kocha Carlo Mazzone alimrudisha mbele ya mabeki, kwa kuwa kule mbele alikuwepo Roberto Baggio. Bastian Schweinsteiger alicheza pembeni hadi Louis van Gaal alipomwingiza katikati Bayern Munich 2009. Kwetu, Novatus Dismas Miroshi amecheza beki wa kushoto na kiungo, na uwezo wa kuzijua nafasi mbili umemsaidia kupata dakika. Kwa hiyo mtoto wa miaka 12 akisema "mimi ni namba 10", msikilize kwa heshima, lakini endelea kumzungusha.

Kila namba inadai nini hasa

Namba 6 anasimama mbele ya mabeki wa kati. Kazi yake kubwa ni kuwepo: timu yake ikiwa na mpira, awe pale ambapo beki anaweza kumpata, timu ikishambulia, awe amejipanga tayari kuzuia shambulizi la kujibu. Hapa ndipo makocha wengi wanakosea, wanamhesabia mipira aliyonyang'anya kwa kuteleza. Namba 6 anayeteleza mara nane kwa mechi mara nyingi amechelewa mara nane. Anayefaa utamwona akitembea hatua tatu kushoto, hatua mbili nyuma, muda wote, na mpira unamkuta palepale. Anaongea pia. Namba 6 mkimya anaweza kufundishwa kuongea, ila uanze mapema, kwa maneno machache: "geuka", "mtu", "rudisha", "kaa".

Namba 8 anaishi kati ya maboksi mawili. Pumzi pekee haitoshi. Anatakiwa kujua safari ipi ya kwenda mbele ina maana na ipi inaacha pengo. Kipimo chepesi: akipiga pasi anafanya nini? Anayesimama kuitazama pasi yake bado hajawa namba 8.

Namba 10 anapokea mgongoni mwa viungo wa wapinzani na mbele ya mabeki wao, akiwa na sekunde moja hivi. Anayehitaji miguso minne kabla ya kuamua atafanikiwa dhidi ya timu dhaifu za mtaani na atapotea kwenye ligi ya vijana yenye ushindani. Mtoto mwenye chenga nyingi na macho chini mara nyingi ni winga, na kumpeleka pembeni ni kumfanyia wema.

Kumpima: mechi tatu, karatasi moja

Mpe msaidizi karatasi yenye uwanja uliogawanywa sehemu tatu: nyuma, kati, mbele. Amfuate mchezaji mmoja tu kwa dakika 20 za kila kipindi. Ukimwambia afuate watatu, ataishia kutazama mpira kama mashabiki wengine. Simu ikiwepo, iwekwe juu nyuma ya goli au kwenye ngazi za jukwaa, irekodi uwanja mzima, kwa sababu anachofanya kiungo bila mpira hakionekani ukiukazia mpira kamera.

Kila anapopokea mpira, msaidizi anaandika alama kwenye sehemu ya uwanja alipopokea. Alama ina vitu vitatu. Kwanza J kama kichwa kiligeuka kuangalia nyuma yake kabla mpira haujamfika, au 0 kama hakikugeuka. Pili mguso wa kwanza ulikoelekea: M mbele, P pembeni, N nyuma. Tatu pasi iliyofuata: tiki ikifika kwa mwenzake, mkasi (X) ikipotea, na mstari chini yake ikiwa imevuka angalau mpinzani mmoja kwenda mbele. Alama ya "J M ✓" yenye mstari chini, iliyoandikwa katika sehemu ya kati, inakwambia: aliangalia, akageuka, akavunja mstari. Alama ya "0 N ✓" inakwambia amerudisha mpira kwa sababu hakujua kilichopo nyuma yake. Kwa mzazi aliye pembeni pasi zote mbili zimefika na zinafanana, lakini wewe sasa unajua tofauti.

Upande wa pili wa karatasi andika kila timu inapopoteza mpira: alimkimbilia mwenye mpira, alirudi kuziba, au alisimama. Basi, usiongeze kitu kingine.

Fanya hivyo kwa mechi tatu zenye wapinzani wa viwango tofauti, kisha zisome karatasi zote pamoja. Kama kati ya mipira 20 aliyopokea J hazifiki nane, swali la 6, 8 au 10 bado halijafika. Mfundishe kuangalia kwanza, na kwa wakati huo mchezeshe pembeni au beki ili asizingirwe. J zikiwa 14 na kuendelea, katikati ni kwake. Hapo tazama alama zimejazana wapi. Anayepokea zaidi nyuma, anaziba haraka mpira ukipotea na pasi zake nyingi zina mstari chini, ana asili ya namba 6. Alama zilizotawanyika sehemu zote tatu pamoja na kumkimbilia mwenye mpira ni dalili ya 8. Aliyejaza sehemu ya mbele kwa "J M" anaelekea 10, hata kama mikasi ni mingi, kwani pasi za mwisho hupotea kuliko za nyuma, na ukimkaripia kwa kila inayopotea ataanza kurudisha nyuma zote.

Jihadhari na jambo moja. Kwenye uwanja wa kokoto au mchanga mguso wa kwanza wa kila mtoto unaonekana mbovu. Kabla hujaandika kwamba hawezi kutuliza, kagua mpira. Ukiubonyeza kwa dole gumba ubonyee kidogo tu. Mpira uliojazwa kama jiwe unaruka ovyo kwa yeyote. Watoto wa miaka 8 hadi 12 watumie saizi ya 4, saizi ya 5 ianze kuanzia 13. Ukiweza, mwagia maji eneo la katikati nusu saa kabla ya mazoezi, vumbi linatulia na mpira unakimbia chini.

Zoezi la jicho

Kama una muda wa kufundisha kitu kimoja tu kwa kiungo, fundisha hiki. Geir Jordet, mtafiti wa Norway, amewarekodi viungo kwa miaka mingi akihesabu mara wanazogeuza kichwa katika sekunde chache kabla ya kupokea. Wanaoangalia mara nyingi zaidi ndio wanaofikisha pasi nyingi za mbele. Na ni jambo linalofundishika.

Wapange watatu kwenye mstari, mita 12 kati ya mmoja na mwingine. A ana mpira, kiungo yuko katikati, C yuko nyuma yake. A akijiandaa kupiga, C anainua vidole, moja hadi vitano. Kiungo lazima ataje namba kwa sauti kabla mpira haujamgusa, kisha ageuke na kumpasia C. Sekunde 90, pumziko sekunde 60, mizunguko minne, kisha badilishaneni. Wiki ya pili ondoa vidole, weka mkabaji nyuma ya kiungo. Mkabaji akisogea, kiungo anarudisha kwa mguso mmoja. Akibaki nyuma, anageuka. Hakuna wa kumwambia. Jicho lake ndilo linalomwambia.

Kosa la kwanza utakaloliona: anageuza kichwa mpira ukishafika nusu ya njia, unampita. Mara nyingi chanzo ni umbali mfupi au pasi kali mno. Ongeza mita mbili na umwambie A apige pasi ya kawaida. Mfundishe macho mawili: la kwanza wakati mpira ungali unasafiri kwenda kwa A, la pili A anapouandaa kuupiga. Kosa la pili ni kugeuza shingo bila kuona kitu. Wapo watoto wanaozungusha kichwa kwa sababu kocha anataka, na ukiwauliza mkabaji alikuwa bega gani hawajui. Ndiyo maana vidole vinahesabiwa kwa sauti. Kosa la tatu ni la mwili: anapokea akiwa amemkabili A kikamilifu, miguu sambamba. Mwambie afungue mwili, bega moja kwa A na jingine kwa C, apokee kwa mguu ulio mbali na mpira unakotoka. Hilo peke yake linampunguzia mguso mzima.

Rondo, zoezi la kupasiana kwenye duara huku wakabaji wakiwa ndani, ni nzuri, lakini rondo ya kawaida ya wanne kuzunguka wawili haimfundishi sana kiungo, maana kila anayepasi yuko ukingoni na mgongo wake uko salama. Weka mtu wa tano ndani: eneo la mita 10 kwa 10, wanne nje, kiungo mmoja ndani, wakabaji wawili. Pasi ya kuzunguka haina pointi. Pasi inayopita kwa kiungo na kutoka upande mwingine ni pointi mbili. Dakika tatu, kisha badilisha aliye ndani. Utashangaa jinsi mtoto aliyezoea kujificha nyuma ya mkabaji anavyoanza kutafuta upenyo.

Mazoezi ya kila namba

Kwa namba 6: eneo la mita 30 kwa 25, mabeki watatu na yeye dhidi ya washambuliaji watatu. Wenye mpira wanatakiwa kutoka kupitia moja ya magoli mawili madogo yaliyo mbele. Chora mstari mita nane mbele ya mabeki na umkataze kuuvuka kurudi nyuma kwa dakika 15 za kwanza. Namba 6 wengi wachanga wana ugonjwa wa kushuka hadi miguuni mwa beki kuchukua mpira; wakishuka, wanamvuta mpinzani pamoja nao, na beki aliyekuwa huru sasa kabanwa. Asimame nyuma ya mshambuliaji anayekaba, pembeni kidogo ya kivuli chake, ambapo beki anamwona.

Namba 8 anahitaji muda sahihi wa kuondoka. Cheza watano kwa watano, na sheria moja: goli la kiungo aliyeingia boksi akitokea nyuma ya mpira ni mabao mawili, lakini kama alifika kabla ya mpira kutoka pembeni halihesabiki. Wataacha wenyewe kukimbia mapema na kusimama kwenye mstari wa mabeki.

Namba 10 mpe eneo la mita 12 kati ya mistari miwili ya wapinzani na umruhusu miguso miwili tu ndani yake. Akishindwa, usimwongezee miguso. Mpanulie eneo hadi mita 16, kisha ulirudishe taratibu.

Mguu dhaifu hauna njia ya mkato. Ukuta, mita tano, dakika kumi, siku nne kwa wiki, miguso miwili kwanza na mguso mmoja baadaye. Kiungo anayegeukia upande mmoja tu husomwa na wapinzani kabla ya mapumziko.

Mwili unaokua

Mpime kimo kila baada ya miezi mitatu, ukutani, bila viatu, asubuhi ileile ya mazoezi. Akiongezeka sentimita 2 au zaidi katika kipindi hicho, yuko kwenye kasi ya ukuaji. Ataanza kujikwaa, pasi zitakosa uzito, na watu watasema kashuka kiwango. Ni miguu mipya anayoizoea. Usimbadilishe namba wala kumwacha benchi katika miezi hiyo. Punguza kuruka na mbio za kasi, ongeza mpira wa kuguswaguswa. Maumivu kwenye kinundu kilicho chini ya goti wakati huu ni ya kawaida kwa wanaokimbia sana, na dawa yake ya kwanza ni kupunguza mzigo. Akichechemea, au goti likivimba, apelekwe hospitali.

Saa za mazoezi na mechi kwa wiki zisizidi umri wake: wa miaka 14, saa 14 ni kikomo, na hizo ni pamoja na shule na mtaani. Viungo ndio wanaoumizwa zaidi na ratiba zetu, kwa kuwa kila timu inawataka. Ijumaa ligi ya shule, Jumamosi timu ya akademi, Jumapili ndondo, mashindano ya mtaani. Kaa na mwalimu wa michezo wa shule, hasa kipindi cha UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, mgawane mechi kwa maandishi. Mechi mbili za dakika zote kwa wiki zinamtosha.

Kupasha moto kutumie FIFA 11+, programu ya FIFA ya kuzuia majeraha, inachukua dakika 20 hivi: kukimbia taratibu kwa mielekeo mbalimbali dakika 8, nguvu na mizani dakika 10, mbio dakika 2. Faida yake inaonekana ikifanywa angalau mara mbili kwa wiki bila kukatishwa. Kwa hiyo mazoezi yale ya misuli ya paja la nyuma, yanayochosha na ambayo vijana hupenda kuyaruka, yasimamie wewe mwenyewe. Mizunguko kumi ya kuzunguka uwanja iache. Katikati mtu hukimbia mita 15, anasimama, anageuka, anakimbia tena.

Uamuzi na maongezi

Miaka 15 au 16 ndipo pa kuamua, na amua namba mbili: ya kwanza na ya akiba. Zilizokaribiana kikazi ni 6 na beki wa kati, 8 na beki wa pembeni, 10 na winga. Mpe mechi sita mfululizo kwenye namba mpya kabla ya kumhukumu, na kila mechi umpe jukumu moja tu. "Leo nataka uwe nyuma ya mshambuliaji wao kila beki wetu akishika mpira." Baada ya mechi uliza juu ya hilo tu.

Kumtoa 10 kumpeleka 6 ndiyo ngumu kuliko zote. Mtoto anaona ameshushwa cheo, na baba yake pembeni anaona mwanawe hatafunga tena. Usimwambie mbele ya timu. Mkalishe na karatasi zake tatu, mhesabie mwenyewe: hapa ulipokea nyuma mara 17, pasi 11 zikavunja mstari, hapa ulipokea mbele mara sita, mbili zikafika. Mwachie karatasi aende nazo nyumbani. Mzazi naye aambiwe siku hiyohiyo, kabla hajasikia kwa majirani, na aonyeshwe cha kuangalia kwenye mechi ijayo: ahesabu mara ambazo mwanawe amegeuza kichwa kabla ya kupokea.

Baada ya mechi hizo sita rudia karatasi, msaidizi yuleyule, dakika zilezile. J zikishuka sana kuliko awali, namba hiyo bado imemzidi. Mrudishe kwenye namba ya akiba kwa miezi mitatu, kisha mjaribu tena.